Zilizobaki Kwenye Kioo

Mkunazini, Jumamosi, masika ya 1970

Mvua inanyesha tangu alfajiri na nguo nilizofua juzi bado mbichi. Sina hamu ya kula. Sina hamu ya kusema na mtu, ndiyo maana naandika.

Chumba changu cha maabara kimekwenda.

Tangu niliporudi kutoka masomoni Ujerumani nilikuwa na ombi moja: nipewe mahali nioteshe seli za ubongo wa kifaranga, kwenye vioo, ndani ya mashine ya joto. Wakubwa walicheka weee, mwisho wakanipa stoo ya zamani ya dawa. Sharti lao, mkaguzi akija azikute seli za neva zi hai. Asipozikuta, stoo irudi kuwa stoo.

Na zilikuwa hai! Alhamisi mchana niliziona kwa darubini. Zamani nilikuwa nikizidharau zile seli saidizi, zinazoota pamoja na neva na kutandaa juu ya kioo kama jamvi. Nilikuwa nikiziosha zitoke, nibaki na neva tupu, na kila nilipoziosha neva zilinyong'onyea zikafa. Safari hii nikaziacha zikae pamoja. Neva zikakaa juu ya jamvi lao, zikatoa nyuzi, uzi huu ukautafuta ule. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Bi Zuhura, mama wa makamo anayesafisha maabara, alinisikia nikicheka, na nilipomwambia mkaguzi anakuja Jumamosi akafurahi kuliko mimi.

Jana asubuhi nilimkuta mlangoni, nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Nshakufukizia chumba chako tangu jana magharibi. Mgeni hakaribishwi pahala panaponuka spiriti. Na lile kabati la chuma nlilifungua, udi uingie vizuri."

Kabati la chuma ndiyo mashine yangu ya joto, na mlango ukikaa wazi usiku joto lote hutoka.

Sikumkaripia. Kwetu ukifukiza unafungua makabati yote, moshi uingie kwenye nguo. Mama yangu hufanya vivyo hivyo. Na mimi sikumwonya kitu. Lakini ndani nilikuwa nawaka. Nilijifungia chooni nikalia mpaka kwikwi ikanishika.

Neva zote zilikuwa zimekufa, nyuzi zimekatika vipande vipande. Zile saidizi, ngumu ajabu, hazikudhurika hata kidogo.

Leo mkaguzi kaja, kainama kwenye darubini.

"Mbona zimejaa tele! Hongera, bibie."

Bi Zuhura alikuwa kasimama mlangoni na ndoo yake, anatabasamu.

Ningeweza kusema ahsante tu. Ulimi ulikuwa tayari kabisa. Badala yake nikamwambia mkaguzi kwamba anazoziona ni saidizi, neva zimekufa, na aliyekosea joto ni mimi. Akaniuliza saidizi peke yake zina kazi gani. Akasema Jumatatu nikabidhi ufunguo.

Najuta kusema kweli.

Sioni haya kuandika hivyo. Watu husema ukisema kweli moyo unakuwa mwepesi. Wangu mzito kama gunia la karafuu lililorowa. Sitapewa chumba kingine hapa Unguja, na umri wa kupelekwa masomoni tena umeshanipita. Nitarudi kupima damu na choo mpaka nistaafu.

Bi Zuhura hajaelewa kilichoua seli, na mimi sitamwambia. Alinishika mkono akasema Mungu atanifungulia mlango mwingine. Nikaitikia amin, bila kuamini sana.

Walipoondoka wote nilitazama tena. Saidizi zimeongezeka tangu jana. Zimetandaa kioo kizima ila pale neva zilipokuwa. Hapo zimeacha nafasi, kana kwamba wenyewe wametoka kidogo na watarudi. Nilitaka kuzimwaga. Nikajikuta nazibadilishia maji ya chakula, polepole, nisizishtue.

Jumatatu nikishatoa ufunguo, nani atazilisha?