Siku Nilipomfuata Kipa Uwanjani

Mjukuu wangu Odile,

Huku Ruashi tuko wazima, na shangazi yako amejifungua mapacha. Kwa filamu yako ya mpira wa Elisabethville, kama mji wetu ulivyoitwa zamani, unauliza kama kweli babu yako alinisahau kanisani siku ya ndoa yetu.

Kweli. Padri alipochoka kungoja, nilikwenda uwanjani alikokuwa akicheza, na gauni langu jeupe, nikasimama nyuma ya goli lake. Watu wakapiga kelele: "Kipa, bibi yako iko nyuma! Leo utakimbilia wapi?"

Ilikuwa penalti. Nilikuwa msichana wa haya, lakini nikamwambia: "Ukikamata, tunaenda kanisani. Ukikosa, tunaenda vilevile."

Akacheka, mpira ukampita. Tukaenda.

Hakuacha mpira hata baadaye, wala sikumwomba. Njia ya uwanjani nilikuwa nimeshaijua.

Bibi yako