Sikuandika "mstali"

Adela, uko wapi? Nimetoka ukumbini sasa hivi.

Unaijua ile programu ya matriki niliyoitafsiri, yale majedwali ya namba ya hesabu, ya kuvuta visanduku kwenye skrini na kuviunganisha kwa nyaya. Leo mkuu wa chuo alikuwa aamue kama wanafunzi wataitumia kwa Kiswahili changu au warudi kwenye Kiingereza.

Limbu, yule mwenzetu wa chuoni, ndiye aliyekaa kwenye kompyuta. Akaunganisha waya, akabofya, kisanduku kikawa chekundu na kuandika "Haizidishiki!"

Akageuka anatabasamu. "Mkuu, tatizo ni Kiswahili cha Rhoda. Ameandika mstari, sasa mimi nitajuaje ni wa kulala au wa kusimama?"

Wa kulala au wa kusimama! Adela, mimi niliandika "mlalo" kwenye kisanduku kimoja na "wima" kwenye kingine ili mtu asichanganyikiwe.

Nikasogea kusoma. Visanduku vyote viwili vimeandikwa "mstali". MSTALI. Kwa L!

Mimi niandike mstali? Na nani kila asubuhi anatuandikia kwenye grupu "habali zenu"? Na jana nani aliniomba neno la siri la programu, eti "dada, nataka kujifunza kidogo"?

Nikasema hapohapo, "Limbu, umebadilisha maneno yangu."

Mkuu akanikatiza: "Binti, umemvunjia mwenzako heshima. Mwombe radhi, ndipo tafsiri yako nitaifikiria."

Nimemjibu, "Mkuu, kama ni hivyo ifuteni."

Sasa ananisubiri ofisini kwake nikaombe radhi. Naenda kuchukua mkoba wangu nirudi nyumbani. Radhi siombi.