Jiwe Tulilolisingizia

Jumatatu, 3 Juni 2024

Mwalimu Projestus, miguu yako haina macho? Nimeanika kahawa tangu alfajiri, madebe matatu, nimeitandaza kwenye mkeka vizuri, na wewe unapita katikati na viatu vyako vya shule. Nimemwambia hivyo hivyo. Akasema samahani bibi, shikamoo. Shikamoo haiokoti kahawa. Nimemfanya ainame aokote.

Amekuja kwa ajili ya Ibare. Sisi Wanyambo tunaliita hivyo, maana yake jiwe tu. Mwamba ule juu ya chemchemi, umeinama kama paa la nyumba, na upande wa ndani una alama nyekundu. Watu kama vijiti, mikono juu. Ng'ombe wa pembe ndefu. Nani alizichora, hakuna anayejua. Waliotuzaa walizikuta, na waliowazaa wao walizikuta.

Anataka wanafunzi wafyeke njia. Watu wafike. Wanafunzi, wageni, kila mtu. Na mimi niwe mtu wa kueleza, kwa kuwa amesikia ndimi bi harusi wa mwisho kupelekwa pale. Ni kweli. Nilitoka kwetu Chonyonyo mwaka wa sabini na saba, nikaolewa hapa Nyakatuntu. Siku ya nne mama mkwe alinichukua, akashika kidole changu, akakipitisha juu ya kila alama, na kila alama akaitaja jina. Kumi na moja. Baada yangu hakuna.

Nimemwambia hapana. Akauliza kwa nini. Nikamwonyesha kahawa nyingine aliyoiruka.

Sababu ninayo. Pale kuna bomu.

Jumatano, 5 Juni

Maharage yameungua. Kosa ni langu, lakini nimemgombeza Adventina, mke wa mwanangu. Amenizoea.

Niandike, maana kwa mdomo sijawahi kulisema. Darasa la nne linatosha kuandika ukweli.

Wakati wa vita na Uganda tulikimbia. Tuliporudi tulikuta bomu la mzinga kwenye migomba, hatua kumi toka mlangoni. Halikulipuka. Urefu wa paja la mtu, limejichomeka kwenye udongo laini. Mwanangu wa kwanza alikuwa anatambaa. Felisiani, mume wangu, hakungoja mtu. Aliliviringishia majani makavu ya mgomba, akalikumbatia kama mtoto mchanga, akapanda nalo kilima hadi Ibare. Mimi nilisimama mbali, mkono mdomoni.

Kwa nini Ibare? Kwa sababu ndipo mahali pekee ambapo mtoto hachezi, mbuzi hafungwi, mtu hakati kuni. Palikuwa na heshima. Akalisukuma kwenye ufa wa nyuma, akaziba kwa mawe. Alisema ni kwa wiki moja, mpaka wanajeshi wapite awaambie.

Wanajeshi walipita. Hakuwaambia. Aliogopa wangesema ameficha silaha. Wiki ikawa mwaka.

Halafu uongo. Huo ni wangu, siwezi kumsukumia marehemu. Mimi ndiye niliyesema kisimani, mbele ya wanawake, kwamba Ibare limekasirika kwa damu ya vita, kwamba mwanamke akilisogelea tumbo linafunga. Nilisema mara moja tu. Hakuna mama mkwe aliyempeleka tena mkwe wake. Watoto wa kijiji hiki walibaki salama, wote, na mikono yao yote miwili. Na hakuna aliyejifunza kitu. Wanawake waliozijua alama wamekufa mmoja mmoja. Wa mwisho, ukiniacha mimi, tulimzika mwaka juzi. Adventina ana miaka kumi na tisa tangu aolewe hapa na hajawahi kuona hata alama moja.

Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya.

Ijumaa, 7 Juni

Karudi, mbishi yule. Safari hii kapita pembeni mwa mkeka.

Nikamtolea uongo wangu wa zamani, kwamba anayefika pale hazai. Akacheka. "Bibi, nina watoto sita. Hebu niende mara mbili nipumzike."

Adventina naye akacheka hadi akaweka kisu chini. Nikamuuliza anacheka nini, ndizi zitajimenya?

Mwalimu akaacha mzaha. Akasema Ibare si la ukoo wetu peke yetu. Akasema kuna watoto darasani kwake ambao babu zao walikuja kutoka Rwanda, wengine Burundi, na wakiulizwa kwenu kuna kitu gani cha kale wanatazama chini. Anataka wawe na mahali ambapo hakuna wa kuwafukuza. Wanafyeka Jumatatu. Mtendaji wa kijiji amekubali.

Nimemwita mkaidi. Akasema ndiyo bibi. Nimemwita mtoto wa juzi. Akasema ndiyo bibi. Akaondoka.

Ningesema. Neno moja tu. Nikaona kaburi la Felisiani, saruji yake, msalaba wake, naye alikuwa mzee wa kanisa. Watasema alilaza bomu kwenye jiwe la watu akaenda kuimba kwaya.

Jumapili, 9 Juni

Kanisani. Mchungaji alihubiri, sijui alisema nini. Baada ya ibada mwalimu alisimama akawakumbusha wanafunzi wabebe mafyekeo na majembe. Na majembe.

Jumatatu, 10 Juni

Nimekwenda kabla yao. Goti limenitesa. Nimekaa katikati ya njia, pale inapoanza kupanda, kama ng'ombe aliyekataa.

Walikuja wanaimba. Wengi. Wadogo wengine wanaburuta jembe refu kuliko wao. Mwalimu akasema bibi, tafadhali, tusigombane mbele ya watoto. Nikamwambia warudishe. Nikamwambia kuna bomu kwenye ufa wa nyuma, mume wangu aliliweka, nimejua siku zote.

Rangi ilimtoka. Akageuka, akawaambia watoto washuke polepole, majembe mabegani, mtu asikimbie. Walipofika mbali ndipo akaniambia, "Bibi, nilikuja kwako Jumatatu. Nikaja Ijumaa."

Angenitukana ningejibu.

Mtendaji amepanda bodaboda kwenda Rubwera, wilayani, kutoa taarifa. Jioni kijiji kizima kilikuwa kinajua. Hakuna aliyekuja kunisalimia.

Alhamisi, 13 Juni

Wamefika wataalamu wa mabomu. Wamezungusha kamba nyekundu hadi kwenye chemchemi. Mkubwa wao ni kijana mwenye adabu, aliniamkia kabla ya kuuliza. Nikamweleza yote. Akapanda peke yake, akakaa sana, akashuka.

Haliwezi kutolewa. Kutu imelishika na jiwe limelibana. Litalipuliwa hapo hapo.

Nikamwambia Felisiani alilibeba kwa mikono yake.

"Mama, mzee alikuwa na bahati. Sisi hatufanyi kazi kwa bahati."

Nikasema basi niende niziguse alama mara ya mwisho. Hapana. Nikasema mimi ni mzee, nikifa pale hakuna hasara. Hapana. Nikamgombeza, nikamuuliza kama ana mama. Akasema anaye, na yeye angemkataza vilevile. Sikumchukia. Nilitaka kumchukia.

Mwalimu akamwomba basi apige picha. Alipanda tena, akapiga kwa simu. Tumezitazama. Ukungu wa mawe umefunika karibu zote, zinaonekana mbili, na kipande cha pembe. Nyingine hazikuwa za macho. Kidole ndicho kilichozipata, vijifereji vyembamba kama kovu. Ningekuwa nimewapeleka wakwe zangu, na wao wakwe zao, vidole vingi vingekuwa vinazijua leo.

Mimi nilifunga mlango ule. Vita vilileta bomu, mlango niliufunga mimi.

Jumamosi, 15 Juni

Limelipuliwa saa tano asubuhi.

Walitupeleka ng'ambo ya kijito. Watoto waliziba masikio. Mimi sikuziba. Nilitaka kusikia.

Kwanza ardhi, ndipo sauti. Halafu vumbi, likasimama juu ya kilima kwa muda mrefu. Lilipokaa, paa la Ibare halikuwepo.

Adventina alinishika kiunoni. Nikamsukuma. Akanishika tena. Basi nikamwacha.

Nimelia mbele ya watu. Kwenye msiba wa Felisiani sikulia mbele ya watu.

Jumapili, 16 Juni

Sikwenda kanisani.

Jumatatu, 17 Juni

Nimemwita mwalimu. Sikumwita, nilikwenda mwenyewe shuleni, nikasimama mlangoni mpaka aliponiona. Nikamwambia leta daftari, niandikie majina yote kumi na moja kabla sijafa.

Tulikaa kibarazani. Mama wa Mapacha. Ng'ombe Asiyekamuliwa. Mwenye Kiu. Wawili Wasioachana. Msichana Aliyerudi. Nikawa nakwenda vizuri, kidole changu kinatembea hewani kama zamani. La sita, Mpiga Ngoma. La saba halikuja.

Nikarudi mwanzo. Halikuja. Nikajaribu kidole juu ya meza, juu ya ukuta, juu ya goti. Nikaruka nikayapata manne ya mwisho. La saba hapana. Ninajua lilikuwa wapi, chini kidogo, upande wa kushoto, ilibidi nipige magoti kulifikia. Ninakumbuka ubaridi wake. Jina limekwenda.

Mwalimu akaacha mstari mtupu kwenye daftari, akaandika 7 pembeni. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Jumanne, 18 Juni

Kamba imeondolewa. Nimepanda na Adventina, yeye mbele, mkono wangu begani kwake.

Mawe tu. Makubwa, madogo, meupe kwa ndani. Uso wa Ibare umeanguka kifudifudi. Sikuona wekundu hata kidogo.

Tulikuta jirani yetu anapakia mawe kwenye toroli, anajenga msingi wa nyumba. Nikamwambia aweke chini.

"Bibi, si ulisema lina laana? Nakupunguzia."

"Nilidanganya," nikasema. "Halina laana. Halijawahi kumdhuru mtu. Tulilisingizia mimi na mume wangu."

Nilisema kwa sauti, na wengine waliokuwa chini kwenye chemchemi wakasikia. Akanitazama, akashusha mawe moja moja. Alipomaliza akaniuliza kama aniletee maji. Nikanywa.

Tulikaa kidogo. Sikumtuma Adventina kitu. Upepo ulikuwa mzuri.

Haya Adventina atayapeleka shuleni: kesho asubuhi mwalimu alete wanafunzi, wakubwa wote, na wanaume wenye mitaimbo. Njia ifyekwe hadi barabarani, kila mtu apite, awe wa ukoo wetu au aliyekuja jana. Jiwe lisichukuliwe hata moja, na yaliyochukuliwa yarudi. Yageuzwe yote, moja baada ya jingine, uso juu, yaoshwe kwa maji bila brashi. Lenye alama yoyote lisihamishwe kabla sijaligusa. Mkianza, anzeni upande wa kushoto, chini.