Kishikwambi cha Chaki

Baba Anita,

Salamu kutoka Sumbawanga, huku upepo unapita hadi ndani ya sweta. Mafunzo ya vishikwambi yananoga kwelikweli: umeme umekatika, chaji imeisha, basi mwezeshaji kachora kishikwambi ubaoni kwa chaki, nasi walimu wazima tunapanga foleni kukibonyeza. Zamu yangu ilipofika, Joji wetu akaangua kilio mgongoni mwangu.

"Mwalimu, mtoto atoke nje, anavuruga teknolojia," mwezeshaji akaniambia.

"Nje baridi, kaka. Akitoka, natoka naye, na cheti chako nakuachia."

Akina mama wote wakasimama na mikoba yao. Sasa Joji kalala, na mwezeshaji anafundisha kwa kunong'ona asije akamwamsha.

Mnyweshe Anita uji wa ulezi, umfunike vizuri. Nawapenda.

Mama Anita