Dawa Niliyoandikiwa Mimi

Yaya Salima, dada yangu mkubwa mpenzi,

Naomba barua hii ikukute umeketi mlangoni, si umelazwa. Miguu bado inavimba? Na kile kichwa cha asubuhi? Nijibu ukweli, usinifiche kama mama alivyokuwa akitufichia. Mimi ni mzima, nina baridi na hasira tu, na hasira yangu umeizoea.

Umeuliza kwa nini dawa zako za presha hazijafika tangu mfungo uishe. Sheria ya huku imebadilika. Daktari haruhusiwi tena kuandika ordonansi, ile karatasi ya dawa, kwa mkono. Anaituma kwa kompyuta moja kwa moja hadi duka la dawa, na kompyuta haimjui mtu asiye na namba ya nchi hii. Yule daktari mzee aliyekuwa akikuandikia kwa huruma sasa ananionyesha nafasi tupu kwenye kompyuta yake. "Bwana Ramazani, hapa nijaze namba gani?" Nikamwambia ajaze jina la mji wetu, Kindu. Hakucheka. Nikamuuliza, waliopitisha sheria hii walimfikiria mgonjwa gani, na ni lini mama wa mtaa wetu wa Mikelenge alikamatwa nchini kwao akiiba vidonge. Akasema, "Sheria inazuia mtu asimeze dawa ya mwingine."

Nikachukua koti langu, nikatoka. Unajua kwa nini.

Wakati wa vita reli ilikuwa imekufa, daktari amekimbia, na dawa kidogo zilizobaki hospitalini hazikutolewa bila karatasi yenye sahihi yake. Avenyu yetu nzima ilikuwa na karatasi moja, ya mama. Kila mwanamke mwenye presha aliibeba na kujiita Mama Salima. Muuguzi wa dirishani alijua, akawa anatania: "Mama Salima, leo umekuwa mufupi." Jirani yetu Mama Anjelani akamjibu: "Vita njo imenikata, baba." Mstari mzima ukacheka. Karatasi ile ilimweka mama hai. Lakini Mama Anjelani, aliyekondeana kwa njaa, alimeza kipimo cha mama yetu mnene, akaanguka akiteka maji, hakuamka. Tulimzika mbiombio kwa sababu ya risasi, na kesho yake karatasi ikaenda nyumba nyingine. Tungefanya nini?

Kwa hiyo sisemi sheria yao ni ya kijinga. Nasema imeandikwa na watu ambao daktari hajawahi kuwakimbia. Na wakubwa wetu je? Dhahabu ya machimbo ya Kama inapata ndege kila mara, kidonge cha presha hakipati nafasi ndege inaporudi. Hilo nitaliandika magazetini mpaka wanichoke, na wakinichoka nitaliandika tena.

Sasa sikiliza. Nimekutumia vidonge vyangu mwenyewe vya presha, kwa mkono wa mke wa Asumani, jirani yangu wa huku; mama huyo anakuja Kindu kwenye matanga ya babake. Vimeandikwa kwa jina langu na kwa mwili wangu. Ni vya aina nyingine, vina nguvu kuliko vile vyako. Nilirudi dukani kuomba vingine; binti wa duka akatazama kompyuta, akasema nimeshachukua vyangu, nisubiri tarehe ya zamu ijayo. Basi nasubiri. Nimeacha chumvi, na ngazi nazipanda polepole. Usinigombeze, ungefanya hivyo hivyo.

Nisalimie shemeji, mumeo mvumilivu, na shangazi yetu akishuka kutoka Kampene. Mwanao mkubwa mwambie apunguze ubishi, ukoo huu unatosheka na wangu.

Yaya, usimeze hata kimoja kabla muuguzi hajakupima na kuviona kwa macho yake. Akisema ni vikali mno kwako, usimtetee mdogo wako, wala usifiche viwili vitatu chini ya mto. Vitupe chooni, kisha unipigie simu. Nitapiga kelele, na wewe utakuwepo kuzisikia.

Mdogo wako,
Ramazani