Pumzi za Redio

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute salama, goti limepunguza makali, na ile miwani uliyoikalia umeshaipeleka kwa fundi, maana nataka uisome mwenyewe, usimpe jirani. Mimi mwili ni mzima. Moyo, mama, hapana.

Dada ameniambia umemkasirikia mdogo wangu. Eti Redio wako, aliyekuwa akiongea mpaka na kuku, ana miezi mitatu hajakupigia. Mimi nilikudanganya kwamba tumepata kazi ya kupaka rangi mahali pasipo na mtandao. Hakuna kazi, mama. Tuko hospitali. Redio alianguka kutoka kwenye ngazi akaumia uti wa mgongo, hapa shingoni. Miguu haimsikii kabisa, mikono inamsikia kidogo tu.

Sikujua kwamba mtu hupumua kwa misuli. Yake ya mbavu imelala, umebaki ule wa chini ya kifua peke yake, na ndio anaoufundisha kazi upya. Kila asubuhi mama wa mazoezi anamwekea kifuko cha mchanga tumboni, akinyanyue kwa pumzi. Kisha anavuta hewa kwenye kikopo chenye vigololi vitatu. Cha kwanza kinapanda, cha pili kinatikisika, cha tatu wala hakina habari naye. Akitaka kukohoa namkandamiza tumbo kwa viganja, anakohoa kwa nguvu zangu.

Halafu anahesabu kwa sauti, kwa pumzi moja. Alianzia tatu. Leo amefika saba, akakwama, akavuta hewa, akasema tunakwenda kwenye matangazo. Wauguzi walicheka. Mimi nilitoka nje nikalia.

Sasa nikuambie lililonikaa kooni. Kazi yetu ina sheria moja: mmoja juu, mmoja chini, mguu kwenye kidato cha kwanza, na wa chini haondoki mpaka wa juu aseme anashuka. Siku ile wa chini nilikuwa mimi. Niliiacha ngazi nikaenda kubishana na fundi umeme kuhusu mpira. Mpira, mama! Kwamba goli lilikuwa la kuotea! Nikasikia ngazi inakwaruza ukuta, basi.

Msimamizi wetu wa kazi alipokuja wodini kuuliza ilikuwaje, Redio alikuwa bado anahesabu mpaka tatu. Pumzi yake yote akaimaliza kusema ameteleza mwenyewe. Kisha akanikataza nisikuambie lolote, akitaka kwanza aweze kukuamkia kwa sauti yake.

Ijumaa ulipokea simu, ukasikia mtu anahema tu. Ukamwambia ni mhuni asiye na kazi, ukakata. Alikuwa yeye, mama. Mimi ndiye niliyemshikia simu sikioni. Siku ile nzima hakukigusa kikopo.

Mimi nigombeze utakavyo, sina la kujitetea. Ila Jumapili, baada ya chakula cha mchana, simu yako italia. Utasikia kimya, halafu kuhema. Tafadhali usikate. Anaitafuta shikamoo yako.

Msalimie dada na wanawe, uwaambie wasikusumbue sana.

Ni mimi mwanao mkubwa, uliyeniambia nimwangalie mdogo wangu.