Kiroba cha Kokoa Katikati Yetu

Ikolo, Kyela

Kwako Baba Doreen, mkwe mwenzangu na rafiki yangu,

Mugonile. Natumaini barua hii inakukuta mzima hapo Kasumulu, wewe na mama na duka lenu, na ndugu wa ng'ambo ya Songwe pia. Huku tunapumua tu. Mpunga umekomaa, na wangu ndio mzuri kuliko wa majirani wote, lakini hakuna aliyeshika mundu tangu tumzike binti yako.  Ezra mwanangu analala upande aliokuwa akilala mkewe.

Naandika kwa mkono wangu, polepole, sikutaka msaada. Darasa la pili la zamani lilikuwa darasa kweli.

Patrick, yule mnunuzi wa kokoa, kaniambia umempata dereva wa lile lori nililolitaja msibani, kijana anaitwa Jubilate, na unataka kumpeleka polisi. Ngoja kwanza unisome mpaka mwisho.

Wanangu waliponiletea ile skuta, waliniomba niende mjini nikajifunze, nipate leseni. Nikaenda. Mwalimu ni binti, Angetile, umri wa wajukuu zangu. Akafundisha kofia ngumu ziwe mbili, ya dereva na ya abiria. Abiria asikae upande, amshike dereva kiunoni, na mzigo usiwekwe kati yao. Nikamwuliza, na mke wa mwanangu je, naye anishike kiuno? Darasa zima likacheka. Akasema hata yeye, mzee wangu, ashike. Nikanyanyuka. Nikamwambia nilikuwa napeleka gunia la mchele Karonga kwa baiskeli kabla baba yake hajaota meno. Leseni sikurudi kuitafuta.

Sasa siku ile homa ilimshika Doreen vibaya, hata kusimama ikawa taabu. Ezra alikuwa safarini. Felista mke wangu akasema tuite bodaboda. Nikasema bodaboda ya nini na mimi nipo?

Heshima ya mwanao unaijua. Miaka yote aliyokaa kwangu hakuwahi kunitazama usoni. Tukikutana njiani aliingia kwenye migomba mpaka nipite. Nilikuwa nawaringia wazee wenzangu kwa hilo. Basi nikafunga kiroba cha kokoa kavu katikati ya kiti, tusigusane. Akakaa upande, nyuma ya kiroba. Kofia ilikuwa moja, nikavaa mimi. Felista akamwambia amshike baba, mgonjwa hana aibu. Mkono wake ukaja, Baba Doreen. Niliusikia begani, unachoma kwa homa. Nikasema, "Ashike kiroba."

Hapakuwa na lori. Kulikuwa na tuta la pale shuleni, nami nililipanda kwa mwendo, nikitaka watu waone mzee anavyoendesha. Mpira wa kufungia ukakatika. Nilikwenda mbele kidogo kabla sijajua kuwa niko peke yangu. Nilipogeuka, alikuwa amelala barabarani bado amekikumbatia kiroba.

Lori nililitunga watu walipokusanyika, na wewe msibani ukaliamini kwa kuwa nimesema mimi. Mwache kijana wa watu. Barua hii anakuletea Patrick, nami muda huu naelekea polisi Kyela kusema kama nilivyoandika hapa. Skuta naikokota kwa miguu, sitaipanda.

Jana niliwaita wake wa wanangu wengine uani. Nikawaambia, siku yoyote mkibebwa na mzee, hata akiwa mkwe, mshikeni kwa nguvu. Wakainama, wakanipa mgongo kama heshima inavyotaka. Sijui kama walinisikia.

Msalimie mama watoto, ukiona anaweza kupokea salamu yangu. Felista anawalilia wote. Ndaga, asante, kwa kuwa ulinipa binti yako.

Ni mimi,
Anyosisye